Jina la Adèle kwenye menyu

Kataliko ana ofisi ndogo ya kuchapa barua mjini Butembo. Chumba cha mbele ni cha kazi, cha nyuma ni cha kulala. Juu ya mlango ameandika: Secrétariat Public. Hapo huwaandikia watu barua za kuomba kazi, mialiko ya harusi na mikataba ya viwanja. Umeme wake unatoka kwenye sola. Jua likikataa kutoka, naye anakataa wateja.

Siku hizi anachapa polepole. Vidole vyake havijazeeka. Anachapa polepole ili mteja asiondoke upesi. Anauliza habari za mvua ya Lubero, habari za mbuzi, hata habari za shangazi wa mteja ambaye hajawahi kumwona. Lakini watu wa Butembo ni watu wa biashara. Mteja anajibu maneno mawili, anachukua karatasi yake, anakwenda. Kataliko anabaki na kompyuta.

Mke wake, Adèle, alifariki mwaka jana. Binti yao Sophie ameolewa Mavivi, kule Beni, na kusafiri si rahisi. Sophie hupiga simu Jumapili baada ya ibada. Siku nyingine za juma nyumba ni kimya, na kimya hicho kinamuuma Kataliko.

Adèle alikuwa mwimbaji na mtunzi wa kwaya. Kazi ya ofisi ikiisha, alikuwa anakaa mbele ya kompyuta hiyohiyo, anaimba na kujirekodi. Kompyuta yao inatumia Linux. Fundi aliiweka kwa sababu flash za wateja zilikuwa zinaleta virusi kila mara. Kataliko alijifunza programu ya kuandika, basi. Adèle alijifunza ya kurekodi. Kila mmoja alifungua menyu, akabonyeza jina analolijua, akafanya kazi yake. Hakuna aliyeingilia ya mwenzake.

Siku ya kutoa matanga, ukoo ulikusanyika. Vitenge vya Adèle viligawanywa kwa dada zake na wakwe zake. Gracieuse, mdogo wa marehemu, alimwita Kataliko pembeni.

"Shemeji, kitu yake isibakie mu nyumba," alisema. "Ukibakia unaiona kila siku, roho yako haitapumzika."

Kataliko ni mtu wa kutii ukoo. Alitoa viatu, alitoa kitabu cha nyimbo, alitoa hata kikombe. Watu walipoondoka, alifungua kompyuta ili aandike barua ya mteja. Kwenye menyu akaona jina la programu ya kurekodi. Hiyo nayo ilikuwa ya Adèle.

Alibonyeza menyu kwa kitufe cha kulia cha kipanya. Akasoma maneno ya Kifaransa moja baada ya jingine, mpaka akafika mahali pa kurekebisha menyu. Mbele ya kila jina palikuwa na kisanduku chenye alama. Akaiondoa alama ya programu ile. Jina likapotea kwenye menyu. Kataliko akaamini kwamba ameifuta programu, pamoja na nyimbo zote na sauti ya mke wake. Alilia. Halafu akaandika barua ya mteja, maana mteja hangojei machozi.

Miezi ikapita. Asubuhi moja, Lusenge, kiongozi wa kwaya, aliingia ofisini.

"Papa Kataliko, jambo."

"Jambo sana. Karibu, ikala."

"Papa, bakristo ya Mabalako bamemaliza kujenga kanisa yabo. Banatuita tuimbe siku ya kuifungua. Mais banataka ile wimbo ya mama Adèle, ile ya muto Kimemi."

"Si munaijua?"

"Tunajua refrain tu, kiitikio. Ma-couplets alikuwa anaimba yeye peke yake, na hakuandikaka. Aliniambiaka iko mu machine yenu. Donc nimekuja na clé USB."

Kataliko alitazama chini.

"Nilishaifuta," alisema.

"Yote?"

"Yote. Siku ya kutoa matanga."

Lusenge hakumgombeza. Alirudisha flash mfukoni. "Bon, Papa. Tutaimba ingine," alisema, akatoka taratibu. Afadhali angemgombeza. Kataliko alikaa pale akijichukia. Kwaya ingekwenda Mabalako bila wimbo wa Adèle, na baada ya hapo nani angeukumbuka? Hata hivyo hakutafuta kwenye kompyuta. Mtu hatafuti kitu alichokizika kwa mkono wake mwenyewe.

Ng'ambo ya ua anaishi mpangaji, Madame Ngalula. Yeye anatoka Kasai. Serikali ilimtuma Butembo kufundisha kompyuta katika shule ya sekondari. Mume wake amebaki Kananga. Majirani wakizungumza Kinande, Ngalula anajibu salamu, kisha maneno yanamwishia na anarudi chumbani kwake. Mchana huo alikuja kuchapisha maswali ya mtihani. Kataliko alimpa karatasi. Ngalula alisoma juu, akamtazama.

"Papa, hii si ma-questions yangu. Ni mwaliko ya harusi ya batu."

"Unisamehe, madame. Akili yangu haiko hapa."

"Iko wapi?"

Ni muda mrefu hakuna aliyemuuliza Kataliko swali la namna hiyo. Akamweleza yote. Ngalula alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta kiti.

"Uliifuta namna gani? Nionyeshe."

Kataliko alimwonyesha: kitufe cha kulia, maneno, kisanduku, alama. Ngalula akatikisa kichwa.

"Papa, hapa haukufuta kitu. Ulificha jina tu."

"Mais haiko tena mu menu."

"Sikiliza. Hapa mu barabara ya maduka, mutu akitoa kibao juu ya mulango ya magasin yake, magasin inakufa?"

"Hapana. Inabakia."

"Njo vile. Ile jina ya mu menu ni kibao. Tunaiita lanceur. Ukiibonyeza, inakupeleka ku programme. Programme njo magasin yenyewe. Na nyimbo ya mama ni bitu yenye iko mu dépôt, ghala ya kule nyuma. Wewe ulitoa kibao."

"Na kama ningetoa programme?"

"Hata vile nyimbo ingebakia mu dossier, ile folda yake. Kwa kuipoteza, unapashwa kwenda mu ile dossier na kuitupa mu corbeille. Ulienda?"

"Sijue hata kwenye iko."

"Basi iko."

Kataliko alishika kipanya, kisha akakiachia. "Dada yake alisema kitu yake isibakie," alisema.

"Na wewe unataka nini, Papa?"

"Nataka kumusikia."

Ngalula alisukuma kipanya karibu naye zaidi. "Fanya mwenyewe. Mi nikikufanyia, kesho utapotea tena."

Kataliko alirudi mahali pa kurekebisha menyu. Akafungua kundi la sauti na video. Jina la programu lilikuwa pale, na kisanduku chake kilikuwa kitupu. Akarudisha alama, akafunga, akafungua menyu. Jina limerudi.

"Sasa tufanye lanceur ya kwako," Ngalula alisema, "yenye itafungua moja kwa moja dossier ya nyimbo. Kwanza tuone dossier iko wapi."

Walifungua folda ya muziki. Ndani yake palikuwa na folda nyingine iliyoitwa Kwaya. Nyimbo za Adèle zilikuwa humo zote. Kataliko alitaka kubonyeza, Ngalula akamwambia amalize kazi kwanza. Walimu ndivyo walivyo.

Walirudi kwenye menyu na kuchagua kuongeza kitu kipya. Pakatokea nafasi mbili za kuandika: moja ya jina, nyingine ya amri. Kataliko aliandika Adèle kwenye jina. Kwenye amri pia akaandika Adèle. Alipobonyeza, hakuna kilichofunguka.

Ngalula alicheka, naye ni mtu wa kucheka mara chache. "Jina ni yako, Papa. Andika vile unapenda, hata mu Kinande. Mais commande ni ya machine, na machine haimujue mama Adèle. Inataka kujua ifanye nini, na iende wapi."

Akamsomea amri herufi kwa herufi, na Kataliko akaandika: xdg-open /home/kataliko/Musique/Kwaya

"Xdg-open ni kusema fungua. Ile ingine ni njia ya kufika ku dossier. Ukikosea herufi moja, haitafika. Na hapa, bonyeza ile ka-image."

Kataliko alibonyeza picha ndogo iliyokuwa kando ya jina, akachagua picha ya Adèle akiwa amevaa joho la kwaya. Kisha wakaliweka jina lile kwenye orodha ya vipendwa, lionekane kwanza.

"Siku ukichoka kuiona, toa alama, itajificha," Ngalula alisema. "Ukiitaka, rudisha. Mais ukiona neno désinstaller, simama. Ile inatoa magasin yenyewe. Na nyimbo, utaiweka pia mu clé USB. Machine inaweza kufa, kama vile siye."

Kataliko alifungua menyu. Adèle alikuwa pale, mdogo sana, na jina lake pembeni. Akabonyeza. Folda ikafunguka. Akachagua wimbo wa Kimemi.

Kwanza ulisikika mlio wa pikipiki barabarani. Kisha sauti ya Adèle, yenye hasira kidogo: "Kataliko, funga mulango, mapikipiki itaingia mu wimbo." Ukasikika mlango ukifungwa. Halafu akaanza kuimba.

Kataliko alifunika uso kwa mikono. Ngalula naye alikuwa na mtu wa mbali wa kumkumbuka, akageuza macho dirishani mpaka wimbo ukaisha.

Kesho yake Kataliko alimwita Lusenge, naye akaja tena na flash yake. Kwaya ilijifunza beti zote. Siku ya kufungua kanisa, Sophie alitoka Mavivi kwenda Mabalako, akamsikiliza msichana wa kwaya, Elsa, akiimba mahali pa Adèle, na jioni alimpigia baba yake simu ingawa haikuwa Jumapili. Ngalula sasa huja ofisini baada ya shule. Anamfundisha Kataliko programu nyingine, na Kataliko anamfundisha Kinande. Hakuna anayejifunza haraka.

Lusenge alipokuwa ananakili wimbo siku ile, aliomba jambo moja.

"Papa, tukate kwa mwanzo. Ile ya mulango si wimbo."

"Kata mu copie yako," Kataliko alijibu. "Yangu, hapana."

Kila asubuhi, kabla ya kuanza kazi, anafungua menyu na kubonyeza jina la Adèle. Adèle anamwambia afunge mlango. Kataliko anasimama, anakwenda kuufunga.