Vichupa Ndani ya Makohozi

"Kunguni."

"Nakusikia."

"Kitanda kimeshatandikwa?"

"Bado. Shuka ni chafu."

Sauti ilitoka kwenye kifaa kidogo kama punje ya mtama, kilichofichwa sikioni chini ya kitambaa cha kichwa. Mwenye sauti alikuwa Mkuu, bosi wake katika Idara ya ujasusi. Kwa lugha yao ya siri, shuka chafu ni mwizi aliyemo ndani ya nyumba na bado hajajulikana.

"Kamati inakaa saa nane mchana," Mkuu alisema. "Wakiyafunga majaribio ya dawa, imekula kwetu. Una saa tano."

"Zinatosha."

Hakuwa na hakika kama zinatosha.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minane, mfupi, mwenye mabega ya mchukuzi. Idara walimwita Kunguni kwa sababu aliingia vyumbani mwa watu bila kuonekana, na walipoanza kujikuna yeye alikuwa keshaondoka. Sasa ilikuwa wiki ya pili anapiga deki wodi ya mapafu. Sare ya kijani, saa ya Casio ya plastiki mkononi, barakoa mbili usoni. Hakuna aliyemtazama. Mtu wa usafi ni kama ukuta, ila ukuta hauambiwi "pisha."

Wodi ilianza na watu wazima ishirini na sita, wote wameangushwa na kirusi kinachojaza mapafu maji. Kila asubuhi muuguzi aliwaletea mabomba ya sindano yenye namba. Alimimina kilichomo kwenye kikombe cha mashine, mashine ikanguruma, ukatoka mvuke mweupe, na mgonjwa akauvuta kwa barakoa robo saa nzima. Nusu yao walivuta dawa mpya. Nusu walivuta maji yasiyo na dawa. Nani kapata nini hakujua mgonjwa, muuguzi wala daktari. Ndivyo dawa inavyopimwa.

Wiki mbili za mwanzo watu walianza kuinuka vitandani. Kisha, ndani ya siku tisa, wakafa wanane.

Idara ilikuwa imenasa simu moja kutoka nje ya nchi. Mtu waliyempa jina la Mgeni alimwahidi mtu wa hospitalini kwamba majaribio yakifa, dawa itazaliwa upya kwao, kwa jina lingine. Mtu huyo wa hospitalini ni nani? Hapo ndipo uzi ulipokatikia.

Saa tatu na robo Kunguni alifika kitanda cha kumi na moja.

Hapo alilala mzee waliyemwita Winchi, kwa sababu alikuwa ameendesha winchi bandarini miaka thelathini. Sauti yake iliwahi kushindana na injini. Sasa ilitoka maneno matatu matatu, kama maji ya bomba lililokatwa.

"Mwanangu," alisema. "Hii dawa... imeharibika."

"Kwa nini, baba?"

"Siku za kwanza... ilikuwa chungu. Machozi yananitoka. Sasa ni... chumvi tu."

"Labda umewekwa upande wa maji."

Mzee aliinua kidole, taratibu, kama mtu anayeinua kontena.

"Daktari alitusomea... ile karatasi. Zote chungu. Hata maji... wameyatia uchungu. Tusije tukajua."

Kunguni aliacha kupiga deki.

Karatasi hiyo naye aliisoma siku ya kwanza. Aliisoma, akaisahau. Mzee asiyeweza kumaliza sentensi ndiye aliyeikumbuka.

Muuguzi alikuwa amegeuka. Kunguni alichukua bomba lililotumika juu ya sinia. Kwenye ncha palibaki tone moja. Alishusha barakoa, akaligusa kwa ulimi.

Chumvi. Haikuwa dawa, wala yale maji ya uchungu. Ilikuwa maji ya chumvi ya kusafishia vidonda.

Mabomba yote yalijazwa kutoka vichupa vyenye namba tu, visivyosema kipi dawa na kipi maji, katika chumba kimoja, na chumba hicho kilikuwa na ufunguo mmoja. Ulikaa kwa mfamasia. Mtu mtaratibu, msema pole. Kila alipokufa mgonjwa, yeye ndiye aliyewatolea wafiwa viti na kuwapa maji ya kunywa kwa mikono yake mwenyewe.

Kunguni alisukuma ndoo hadi korido isiyo na mtu.

"Mkuu. Ni mfamasia."

"Ushahidi?"

"Nimeuonja."

"Ulimi hauendi mahakamani. Tafuta dawa yenyewe."

Ilikuwa wapi? Langoni kila mfanyakazi alipekuliwa, toka mkoba hadi soksi. Kitu kimoja tu kilipita bila kuguswa: mifuko myekundu ya taka za wodi, yenye makopo ya makohozi ya wagonjwa. Walinzi waliiona, wakageuza nyuso na kufungua lango.

Tena alikumbuka jambo. Mara mbili wiki ile alimkuta mfamasia kwenye ngazi za nyuma, amebeba mfuko mwekundu. Aliposalimiwa alisema anawasaidia watu wa usafi. Mtu mwenye shahada mbili habebi mate ya watu kwa upendo.

Saa nne kamili Isuzu la taka lilirudi kinyumenyume hadi mlango wa nyuma. Dereva alishuka kutia sahihi.

Kunguni alipanda, akajilaza katikati ya mifuko, akajifunika mingine miwili juu.

Gari liliondoka.

Kulikuwa na joto, giza, na harufu tamu ya kuoza iliyopenya barakoa zote mbili. Kwenye kona ya pili mfuko ulipasuka. Kitu kizito na vuguvugu kilimtiririka shingoni, kikaingia ndani ya kola. Aliuma meno. Alihesabu hadi ishirini, akameza kilichompanda kooni, kisha akawasha kurunzi ndogo kama kifungo cha shati.

Alifungua kopo la kwanza. Makohozi ya kijani, yenye nyuzi za damu. Alitumbukiza vidole.

Hakuna kitu.

La pili. La tatu. La nne.

Kwenye la tano vidole viligonga kioo.

Kilikuwa kichupa kizima, kimefungwa, chenye namba ya majaribio. Na kingine. Na kingine. Wezi hawakuhitaji kufuli. Kinyaa cha watu kiliwatosha.

"Nimeipata," alinong'ona. "Niko ndani ya gari."

"Vijana wetu wako dakika ishirini nyuma yako."

"Wakichelewa nitaanza bila wao."

Ilikaribia saa sita gari liliposimama kwenye yadi ya nje ya mji, yenye tanuri la kuchomea taka. Milango ilifunguliwa. Dereva alikuwa na beseni la maji tayari. Nyuma yake alisimama mtu mrefu mwenye shati la kitani, glavu mbili mbili, na leso iliyoloa manukato puani. Mgeni.

"Osha haraka," Mgeni alimwambia dereva kwa Kiswahili cha vitabuni, kwa sauti ileile ya simu iliyonaswa. "Mimi siwezi kuvigusa vitu hivi."

Mfuko wa juu ulisogea. Kunguni aliketi.

Beretta ilitoka kiunoni mwa Mgeni.

"Wewe ni nani?"

"Mtu wa usafi."

Alirusha kopo.

Lilimpata mdomoni likiwa wazi, likamwagika lote. Mtu mwenye mafunzo angefyatua kwanza, halafu ndiyo ajifute. Mgeni alijifuta kwanza. Alitumia mikono yote miwili, na bastola ikaanguka zegeni. Kunguni alimshukia kwa miguu yote miwili kifuani. Sekunde nne baadaye Mgeni alikuwa kifudifudi, mikono imefungwa kwa kamba za mifuko myekundu.

"Maji," alilia. "Tafadhali, nipatie maji. Ugonjwa huu unaua."

"Nasikia kuna dawa yake," Kunguni alisema. "Ya kuvuta."

Dereva alikuwa ameketi chini, mikono kichwani.

"Mama, mimi niliambiwa ni chupa tupu."

"Na chupa za kutupwa kwenye moto ulikuwa unaziosha ya nini?"

Dereva aliangalia beseni.

Vijana wa Idara walifika, wakamchukua Mgeni. Kunguni alikaa mbele karibu na dereva, makopo matano magotini.

"Rudi hospitali. Na usifungue dirisha upande wako. Nataka tusikie harufu wote."

Saa nane na dakika kumi, chumba cha mikutano. Meza ndefu, chai, biskuti kwenye sahani. Mfamasia alikuwa amesimama, mkono kifuani.

"Wanane," alikuwa akisema kwa upole. "Tusiendelee kuwatesa ndugu zetu hawa. Naomba tuyafunge majaribio leo."

Mlango ulifunguliwa. Harufu ndiyo iliyotangulia kuingia.

Kunguni aliweka makopo matano mezani, moja moja, kando ya biskuti. Wajumbe walirudisha viti nyuma, wakaziba pua.

"Toa uchafu huo," mfamasia alisema.

"Ndio nilioufuata, uko ndani ya koti jeupe." Aliingiza mkono ndani ya kopo, akatoa kichupa, akakiweka mbele ya mwenyekiti. "Soma namba, mama. Hii ilipaswa kuingia mapafuni mwa watu asubuhi ya leo. Kwa siku tisa wamevutishwa maji ya chumvi. Wote ishirini na sita, hata wale wanane waliokufa."

Mwenyekiti, daktari mstaafu mwenye miwani, hakuziba pua. Alisoma namba. Akasoma mara ya pili. Akamtazama mfamasia.

Mfamasia alikaa. Akasema, bado kwa sauti ileile ya msibani:

"Nusu yao wangepewa maji hata hivyo. Nimewapunguzia nini?"

Mjumbe mmoja alitema biskuti kwenye leso.

Kunguni alikuwa amewahi kukutana na wauaji. Wengine aliwaelewa. Huyu alimtia kichefuchefu kuliko kile kilichokauka shingoni mwake. Alimsogelea, akashika koti lake jeupe, akajifutia mkono, kidole kimoja kimoja, bila haraka. Kisha akawaita vijana wawili waliosubiri mlangoni.

Mwenyekiti alitoa uamuzi kabla chai haijapoa. Siku tisa zile zifutwe kwenye hesabu ya majaribio, zihamie kwenye faili la polisi. Kila mgonjwa aanze upya jioni ileile.

"Mzee wa kitanda cha kumi na moja," Kunguni aliuliza. "Yuko upande gani?"

"Humu hakuna anayejua. Tukijua, tumeharibu kazi yote."

"Hata kwa mzee mmoja? Ndiye aliyemkamata mwizi wenu."

"Alitia sahihi akiwa anajua, mwanangu." Mwenyekiti alivua miwani. "Ninachoweza kukuahidi ni kwamba leo atapewa alichoahidiwa."

Kunguni alinawa mikono mara tatu. Sabuni, dawa, sabuni tena. Harufu ilibaki. Alipita kwenye kioo cha wodi. Mashine ya Winchi ilikuwa inanguruma, mvuke mweupe umemfunika hadi kwenye nyusi. Kifua kilipanda, kikakwama, kikashuka. Kikapanda tena. Alisimama akahesabu pumzi kumi. Dawa au maji, kwa macho mtu asingejua.

Sikioni, Mkuu alikohoa.

"Kazi nzuri. Kuna safari kesho asubuhi."

"Kesho ni siku nyingine," alisema. Akachomoa kifaa, akakitia mfukoni.

Alitokea mlango wa mbele, ule wa vioo. Mlinzi alimnyooshea kirungu.

"Mama, watu wa usafi mlango wa nyuma."

"Nimeacha kazi," Kunguni alisema, akashuka ngazi kwenye jua, nzi wawili wakimfuata.