Mkono Uliomsuka Chiriku

Kazi ya kusuka nywele hukufanya usikie mengi. Mtu akishakaa chini, mabega yake katikati ya magoti yako, uso wake ukutani, mdomo hufunguka wenyewe. Nimezijua ndoa zilizovunjika kabla wenye ndoa hawajajua. Kwa hiyo asije mtu akaniambia mimi ni mwepesi wa kuamini. Mimi hushuku kwanza, huamini baadaye, na haya ya mjukuu wa jirani yangu niliyashuku mpaka nikachoka.

Siku yenyewe ilianza kama Jumamosi nyingine yoyote. Saluni imejaa, redio inaimba, na mteja wangu wa kwanza, mwalimu wa hesabu, analalamika kwamba namvuta.

"Ukitaka uzuri sharti udhurike," nikamwambia.

"Nidhurike, sawa, lakini siyo unitoe ubongo!"

Wateja wote wakacheka. Mistari niliyokuwa nikimsuka nilifundishwa na Bibi, jirani yangu wa mlango wa tatu. Ndiye aliyenishikisha kitana nikiwa msichana, akanihesabu kama mwanawe. Msusi hujua mkono wa msusi mwenzake kama mwalimu anavyojua mwandiko wa mwanafunzi wake. Bibi alikuwa na shoto. Alianzia sikio la kushoto, njia zake hazikupinda, na mwisho wa kila mstari alifunga fundo dogo kwa ndani, lisiloonekana. Miaka yote nimejaribu kuliiga fundo lile na limenishinda.

Aliishi na mjukuu wake wa miaka kumi na miwili, mtoto wa marehemu bintiye. Mtaa ulimwita Chiriku, maana alizungumza tangu anaamka mpaka usingizi umnyamazishe. Nyumba yao ilikuwa na milango miwili: mbele walikaa Bibi na Chiriku, nyuma alikaa mtoto wa kiume wa Bibi, dereva wa lori, pamoja na mkewe. Huyo mke tulimwita Manukato, kwa sababu harufu yake ilifika kabla yake.

Yowe lililotutoa saluni asubuhi ile lilikuwa lake. Tulimkuta katikati ya barabara, hana viatu, mikono kichwani.

"Amemuua! Mtoto amemuua mama!"

Tulikimbia. Bibi alikuwa kitandani, chali, macho wazi, midomo imegeuka rangi ya wino. Chiriku amekaa kando yake, amekumbatia mto. Halii. Hasemi. Katikati ya mto palikuwa na doa la mate, bado bichi.

Manukato alieleza hivi. Alikuja kumwamsha mama mkwe, akakuta mlango umefungwa kwa ndani. Akagonga mpaka mkono ukamuuma. Hatimaye mtoto akafungua, kisha akarudi kukaa kitandani na mto wake. Mumewe alikuwa safarini na lori. Dirisha zima, mlango mzima. Sasa niambieni nyinyi. Chumba kimefungwa, ndani wamo wawili, mmoja kafa. Mwalimu wangu wa hesabu alilipata jibu palepale mlangoni, na mimi pia nililipata.

Tangu hapo Chiriku hakutoa neno. Mpelelezi, kijana mwenye viatu vinavyong'aa, alimhoji kwa upole, akampa na soda. Kimya. Watu wakaanza. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema. Wengine wakakumbuka kwamba mama yake alifariki akimzaa. "Huyo alianzia kwa mama yake," akaninong'oneza mteja mmoja, na mkono wangu ukasimama kichwani mwake.

Mpelelezi alisema Ijumaa angerudi na amri ya kumpeleka mahabusu ya watoto, isipokuwa kitu kipya kitokee. Akienda huko, alituambia waziwazi, si leo wala kesho atakaporudi. Mpaka siku hiyo akae na ndugu. Mjomba wake alikuwa amerudi kwa mazishi, macho mekundu, hana kauli. Manukato alikuwa nayo.

"Mimi silali nyumba moja na muuaji."

Basi nikamchukua mimi. Si kwa wema. Nilimchukua kwa deni la Bibi, na moyo wangu ulikuwa unagoma. Nilificha visu. Nikaficha mikasi yote ya saluni ndani ya ndoo ya unga. Mito nayo nikaifungia kabatini, nikalala shingo imepinda kama kuku wa sokoni. Chiriku alilala kwenye mkeka karibu na mlango, hakuwa na shida na mtu. Mimi ndiye niliyekuwa macho, nasikiliza anavyopumua.

Siku iliyofuata mchana hakukuwa na mteja. Nywele za mtoto zilikuwa chafu kwa vumbi la msiba, nikamfumua, nikamwosha, nikazichana zikasimama mwavuli. Nilipanga nimsuke jioni. Nikamwacha amekaa sakafuni mbele ya kiti changu, nikatoka kuanika taulo uani. Taulo zenyewe hazikufika kumi.

Niliporudi nilisimama mlangoni.

Chiriku alikuwa palepale, mgongo kwa kiti. Kiti kilikuwa kitupu. Mabega yake yalikuwa yamebanwa, yameingia ndani, kama ya mtoto aliyeshikwa kwa magoti. Kichwa kimelazwa upande. Na sikio lake la kushoto lilikuwa limekunjwa mbele, limelala shavuni, kama tunavyolikunja sisi wasusi tunapotaka kupita nyuma yake. Hakuna aliyelishika. Lilikaa hivyo. Kisha likaachiwa, likarudi.

Mistari mitatu ilikuwa imekwisha kusukwa.

Nilijua kabla sijakaribia. Nilikaribia hata hivyo. Nikapiga magoti, nikashika mwisho wa mstari kwa vidole viwili. Fundo lilikuwa kwa ndani.

"Nani amekusuka?" nikamuuliza.

"Bibi."

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu msiba.

"Bibi amekufa, mwanangu."

"Ndiyo."

"Amesemaje?"

Chiriku akanitazama kwenye kioo. "Amesema niangalie vizuri anavyoanza."

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Mtaa ule ungeichoma saluni kwa neno moja la uchawi, na mtoto ndani. Lakini nilianza kuwaza upya. Nilijiuliza, marehemu humsuka aliyemuua? Upande mmoja wa moyo ulisema hapana, ule ni mkono wa mapenzi, mtoto hana hatia. Upande mwingine ukauliza, je, kama Bibi alikuwa anamshika asikimbie? Niliyaweka yote mawili, sikuyatupa. Jioni ile nikamtolea mtoto mto mmoja. Wangu niliuacha kabatini.

Ijumaa walikuja wote watatu. Mpelelezi na karatasi yake, mjomba, na Manukato aliyejifunga kitambaa cheusi kichwani, harufu imeingia mbele yake kama kawaida. Niliwapa viti. Vilikuwa viwili tu, ukiacha kiti changu cha kusukia, na kile hakuna aliyekigusa. Manukato akakosa pa kukaa. Akashuka kwenye kigoda kidogo cha wateja, mbele ya kiti changu, mgongo kwa kiti.

Nilifungua mdomo nimwambie asikae pale. Nikaufunga.

"Chiriku," mpelelezi akaanza, "leo ni mara ya mwisho nakuuliza. Nani alimwekea bibi yako mto usoni?"

Mtoto alikuwa kwenye benchi dogo karibu na sinki, mikono mapajani. Hakujibu.

"Mnaona?" Manukato akasema. "Kama hakufanya, si angesema? Mchukueni, jamani, mchukueni, mimi..."

Hakumaliza. Mabega yake yaliingia ndani.

"Mbona umejikunja?" mumewe akamuuliza.

Kitambaa kilimteleza kichwani, polepole, kikaanguka. Kichwa kikalala upande. Akajaribu kukiinua. Hakikuinuka. Mishipa ya shingo ilisimama. Sikio lake la kushoto likakunjwa mbele.

Redio ilikuwa imezimwa. Nilisikia ngozi ya kichwa chake ikivutwa.

"Mwambieni aniachie," akanong'ona.

"Nani?"

"Mama. Ananibana. Mama, unaniumiza!"

Mumewe alimshika mikono amvute, akashindwa, na yeye hupakua magunia ya saruji peke yake. Mpelelezi alisimama, karatasi imemwanguka.

"Nasema! Nasema, niachie! Ni mimi!" Maneno yakamtoka mfululizo. Alikuwa na ufunguo wa akiba. Bibi alikuwa amemwona mwanamume anayeingia mlango wa nyuma mume akisafiri, na alikuwa ameapa kumwambia mwanawe akirudi. Basi Manukato akaingia wakati mtoto amelala. Alipomaliza akamwekea mtoto mto mikononi, akafunga kwa nje, akatupa ufunguo chooni. "Nimesema, mama! Nimesema yote!"

Wote walikuwa wanamtazama yeye. Mimi nilikuwa namtazama Chiriku.

Vidole vyake vilikuwa vinakwenda. Pale mapajani, chini chini, vinavuka, vinapita, vinavuta hewa tupu. Mkono wa kushoto ulitangulia. Chiriku anaandika kwa mkono wa kulia.

Manukato akaachiwa, akaanguka kifudifudi. Vidole vikatulia.

Mpelelezi alisema ni dhamiri iliyomsuta. Ameshaona watu wakianguka kwa hofu ya walichotenda, alisema, ingawa alisema hivyo akiwa tayari nje ya mlango. Karatasi ya Chiriku ilichanwa, Manukato akapelekwa mahabusu. Mjomba aliniomba nimlee mtoto, yeye hawezi kuitazama nyumba ile tena. Nikakubali, na safari hii ilikuwa kwa moyo wote. Siku ileile ulimi wa Chiriku ulirudi. Akanisimulia mambo ya shule mpaka wali ukaungua, na nilifurahi hata kwa wali ulioungua. Mikasi nikaitoa kwenye unga. Nikalala na mto wangu.

Kisha nikapigiwa simu kutoka mahabusu ya wanawake. Askari mmoja wa pale ni mteja wangu. Mahabusu mmoja, alisema, aliingia nywele zimechanwa tu, na sasa ameamka amesukwa. Wenzake wanaapa hawakumgusa. Sheria ya pale ni nywele wazi, na kila anayejaribu kumfumua anashindwa. "Njoo na vifaa vyako," akaniambia. "Usiniulize zaidi, nami sijui."

Nilimwambia Chiriku nakwenda kununua mafuta ya nywele.

Manukato alikaa kwenye benchi mbele yangu, amekonda, hanukii tena chochote ila sabuni ya kufulia. Nilishika mstari wa kwanza. Umeanzia sikio la kushoto, ndiyo. Umefungwa kwa ndani, ndiyo. Lakini haukuwa mkono wa Bibi. Njia zilipinda. Mbele umevutwa mpaka ngozi imetoa malengelenge, nyuma umelegea. Kila msusi amepita hapo, hata mimi. Ulikuwa mkono wa mtu anayejifunza.

"Si mimi niliyemuua," Manukato akanong'ona, bila kugeuka.

"Ulikiri mwenyewe."

"Nilisema ili aniachie. Wewe ungesemaje?"

"Na ufunguo wa akiba?"

"Uliuona?"

Sikuuona. Hakuna aliyeuona. Shimo la choo halikuchimbuliwa, maana mtu akishakiri mbele ya mpelelezi, nani atajichafua kumtafutia ushahidi?

"Basi aliyemuua ni nani?" nikamuuliza.

"Nilikuta mlango umefungwa kwa ndani. Tangu siku ya kwanza nasema hivyo."

Inawezekana alidanganya. Mwenye kesi hana la kupoteza. Nilijiambia hivyo njia nzima ya kurudi nyumbani.

Saluni nilikuta kicheko. Chiriku alikuwa anawasimulia wateja kisa cha mbuzi aliyekula daftari la mwalimu, anamwigiza mbuzi na mwalimu pia. Aliponiona alikuja mbio, akanipokea mkoba, akanifuata mpaka jikoni. Nampenda mtoto yule. Nasema waziwazi, nampenda, na sijui nimpende namna gani nyingine.

Akaninong'oneza, "Mama mdogo, umeifumua yote?"

Mafuta ya nywele nilikuwa nimesahau kuyanunua.

"Yote," nikamjibu.

Akatikisa kichwa taratibu, kama fundi aliyerudishiwa kazi. "Haidhuru," akasema, akarudi kwa wateja wake.

Asubuhi iliyofuata yule askari akanipigia tena. Nilikwenda. Manukato alikuwa kwenye benchi lilelile, nyusi zimevutwa juu kwa mistari mipya, machozi yanamtoka bila sauti. Nilizunguka nyuma yake, nikatazama. Safari hii hakuna njia hata moja iliyopinda.