Ramani ya Chemchemi za Kitahana

Asubuhi Yusta alifungua duka, akafuta vumbi mezani, akawasha kompyuta. Yeye na mumewe Gasper wana duka Kibondo mjini. Hutengeneza mabango na kadi za harusi.

Wiki ile hakukuwa na harusi. Ugonjwa wa kuhara ulikuwa umeingia vijiji vya Kitahana. Bwana afya alimletea Yusta flashi yenye ramani.

"Mama Divine, nataka ramani kubwa ya ukutani. Chemchemi chafu ziwe nyekundu, salama ziwe za bluu. Tumetangaza kwa kipaza sauti chemchemi zilizofungwa, lakini tatu zina jina moja. Watu wanachanganya."

Yusta alifungua faili kwenye programu yake ya mabango. Kompyuta ikaganda. Akaizima, akaiwasha. Ikaganda tena. Siku ikaisha hivyo. Kesho yake Gasper aliazima kompyuta nyingine. Nayo ikagoma.

Siku ya tatu simu iliita. Gasper alisikiliza, akakaa chini polepole.

"Shangazi Elieth wa Kitahana ametutoka," alisema. "Alichota kwenye chemchemi mbaya. Alidhani iliyofungwa ni nyingine."

Yusta alitazama kioo cha kompyuta. Hakulia.

Walipotoka mazikoni, alimpigia Twalibu, mchora ramani wa Kasulu. Twalibu alikuja kesho yake.

"Pole kwa msiba, dada. Hebu tuone." Akafungua faili kwa programu ya ramani. "Humu mna mkoa mzima. Kila nyumba, kila njia ya mguu, kila mwinuko. Ni mamilioni ya nukta. Programu ya mabango inataka kuzichora zote kwa pamoja. Haiwezi."

"Sasa nifanyeje?"

"Punguza kwanza, ndipo uhamishie kwenye mabango. Faili la asili liache kama lilivyo. Fanya kazi kwenye nakala."

Akamwonyesha jinsi ya kuzungushia Kitahana mstari na kukata eneo hilo tu.

"Sasa tabaka. Ni kama nailoni angavu zilizolazwa moja juu ya nyingine. Mchota maji anahitaji kuona nini?"

"Barabara, mito, shule na chemchemi."

"Nyingine ondoa. Mto nao upunguzie nukta, umbo lake litabaki. Lakini chemchemi usiziguse! Moja ikihama kidogo tu, utampeleka mtu kwenye maji mabaya."

Yusta alifanya mwenyewe. Akahifadhi kila tabaka peke yake, kisha akaziingiza moja moja kwenye programu ya mabango. Ramani ikafunguka kabla hajavuta kiti.

Hapo ndipo alipolia.

"Kumbe kazi ya saa moja! Na mimi siku mbili nazima na kuwasha."

"Hukujua, dada."

"Ningeuliza."

Twalibu alimvutia kiti.

Bwana afya aliikagua ramani pamoja na wenyeviti wa vijiji. Jioni ile ile ikachapwa, na kesho yake ikabandikwa kwenye ukuta wa shule ya Kitahana. Baada ya wiki mbili, wagonjwa wapya hawakuonekana tena.

Siku moja Yusta alikwenda Kitahana kusafisha kaburi la shangazi. Njiani alimwona mama mmoja mwenye ndoo, amesimama mbele ya ukuta wa shule. Mama yule aliweka kidole kwenye alama nyekundu. Akakisogeza taratibu hadi kwenye ya bluu. Kisha akajitwika ndoo yake tupu, akashika njia ndefu.