Nasike wa Kibuye, 1997–2024

Jumapili pale sokoni Kibuye mtu hutembea kwa mabega, maana miguu haina nafasi. Nasike alikuwa amesimama juu ya kreti, sidiria za mitumba zimemjaa mikono yote miwili, alipoona kijana mrefu mwenye shati la kitenge akimlenga na kamera. Hakujificha. Alimwuliza kwa sauti kubwa iwapo sidiria anazozipiga picha anamtakia mama yake, ama atavaa mwenyewe.

Wanawake wa meza za jirani walicheka mpaka vitambaa vikawatoka kichwani. Kijana naye akacheka, na hapo Nasike akauona mwanya wa meno yake. Siku hiyo aliuza vibaya sana.

Aliitwa Frankline. Yeye na wenzake walikuwa na kikundi cha kupiga picha maisha ya kila siku ya Kisumu: wasukuma mikokoteni, wachota maji wa Nyalenda, wakaanga samaki wa ufuoni. Hawakutaka harusi wala waheshimiwa. Chini ya kila picha waliandika jina la mtu, mwaka aliozaliwa na mwaka aliopigwa picha. Waliona mtindo huo unampa mtu wa kawaida heshima.

Akawa anamwita jaber, yaani mrembo kwa Kijaluo chake. Jioni alipiga simu kuuliza kama amekula.

"Nimekula maneno yako," Nasike alimjibu, "na bado nina njaa."

Wakakubaliana kwamba Desemba Frankline angeenda Webuye, nyumbani kwa kina Nasike, kujitambulisha. Mama yake Nasike, Mama Nabututu, alikuwa amekubali kwa shida, maana kwake kamera haikuwa kazi na Mjaluo hakuwa jirani.

Agosti, kikundi kikatundika picha zake ukutani kando ya barabara pale Kisian. Nasike alikuwa mkubwa kama mlango, mweusi na mweupe, na chini yake: *Nasike wa Kibuye, 1997–2024.*

Sasa wewe niambie, picha ya namna hiyo huwa umeiona wapi, kama si mbele ya jeneza? Wafula, binamu yake anayetengeneza pikipiki hapo Kisian, hakuuliza mtu. Alimpigia Nasike, akakuta simu imezimwa kwa sababu stima ilikuwa imepotea Nyalenda anakoishi. Huo kwake ukawa ushahidi wa kutosha. Akaituma picha nyumbani.

Asubuhi iliyofuata Nasike yuko kwenye foleni ya maji, leso kifuani, Frankline amemletea mandazi, akasikia jina lake likililiwa. Mama Nabututu alikuja na akina mama wa kanisa na blanketi jipya la kumfunika maiti. Alipomwona bintiye amesimama na mtungi, alianguka. Akatambaa kwenye matope ya bomba, akamshika miguu, akiipapasa kidole kwa kidole.

Frankline aliinua kamera.

Ile miaka ya chini ya picha Frankline aliiombea msamaha, na hata Mama Nabututu aliishia kucheka, akasema angalau blanketi ni zuri. Lakini wiki iliyofuata picha ya mama akitambaa ikawa ukutani, katikati ya zote, na simu ya Nasike ikalia; ni Frankline.

"Watu wanalia wakiiona, jaber."

"Walie na mama zao. Itoe."

"Si yangu peke yangu, ni ya kikundi."

"Ungemshika mkono, Frankline. Alikuwa kwenye matope."

"Nilishtuka. Mkono ulienda tu kwa kamera."

"Basi oa kamera," Nasike akasema. "Desemba ipeleke kwa wazazi."

Frankline alikuja Kibuye Jumapili mbili baadaye, shati limepigwa pasi, picha ameikunja kwapani. Alikuwa amegombana na kikundi kizima mpaka akaitoa. Akapiga magoti katikati ya sidiria na kumwomba waoane, na wanawake wa meza za jirani wakapanda kreti zao waone.

Nasike alimtazama mwanya wake. Alimtaka, hilo asidanganywe mtu.

"Kwa kompyuta umefuta?"

"Ukutani nimeitoa."

"Nimekuuliza umefuta."

Frankline alisema ni picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga.

Mteja mmoja alikuwa amesubiri kwa adabu muda wote huo, sidiria nyekundu mkononi. Nasike akamgeukia.

"Hiyo ni saizi thelathini na sita, mama," akasema. "Jaribu juu ya nguo."