Mwamuzi wa Mbio za Nguruwe

Aliyeamriwa kufuata alifika kwanza.

Kaarina Lehto aliliona hilo na hakushtuka. Tangu mdogo wake Eino afe kwa ajali ya gari mwanzoni mwa baridi, hakuna kilichomshtua tena. Alikuwa sebuleni kwake, Thunder Bay, mezani kompyuta mbili: yake na ya marehemu. Katika yake alimwendesha mhusika wake kwenye mchezo wa mtandaoni ambao ndugu hao wawili waliucheza miaka na miaka. Katika ile ya Eino alikuwa amemfungua Rapa, kibeti mwenye ndevu, mhusika wa Eino, akampa amri ya kumfuata. Wachezaji hufanya hivyo sana. Mwenzao asipokuwepo, wanamburuta mhusika wake ili kiti chake kisikae wazi. Ila anayeburutwa hufika wa pili, na Kaarina alipoingia kilabuni, kule ndani ya mchezo, alimkuta Rapa keshakaa kwenye benchi, uso mlangoni.

Ilikuwa Jumapili jioni na chama chao cha wachezaji kilikuwa na kikao cha kupanga mbio za nguruwe. Kila mtu angepanda nguruwe wake, mhusika amevaa kofia na chupi basi, kutoka bandarini mpaka mlimani. Upuuzi mtupu, na ndiyo raha yake.

"Mimi nguruwe simpandi, hata wa kuchorwa," alisema Sawsan, mganga wa chama, kutoka kwake Dearborn. "Nitakaa njiani niwatibu mtakaovunjika shingo."

"Kumpanda hutaki, ila kuwacheka wanaoanguka unataka?" alidakia Thibault, mkuu wa chama, mtu wa Quebec asiyefunga mdomo.

"Hiyo ndiyo starehe yangu, mkuu. Usiniingilie."

Wote wakacheka kwenye vipaza sauti. Kaarina naye akacheka, kwa kuwa ilikuwa zamu ya kucheka.

"Sasa mwamuzi nani?" Thibault aliuliza. "Tumpe Rapa. Hasogei, hahongeki." Kisha akagundua alichokisema. "Samahani, Kaarina."

"Eino angependa," Kaarina alisema. Hakuwa na hakika kama ni kweli, lakini ilikuwa rahisi kusema.

Basi wakawasimamisha wahusika wao na kumpa Rapa ukaribisho wa chama, kama wanavyompa kila anayepewa kazi, mara tatu kwa pamoja: "Karibu, kiti ni chako." Na sehemu ya chini ya kioo, kwa jina la Rapa, yakatokea maandishi: *Asanteni. Nimeshakaa.*

"Kaarina," Thibault alisema kwa sauti ya chini, "huo mzaha sasa umezidi."

Kaarina alitazama mikono yake. Yote miwili ilikuwa imeshika kikombe cha kahawa.

Kahawa yenyewe ilikuwa imepoteza ladha. Akaonja mkate wa shayiri, nao vilevile. Siku zilizofuata nyumba ilinuka nywele zilizoungua, kisha hata harufu hiyo hakuisikia tena. Jirani ndiye aliyebisha hodi kuuliza kama kuna kitu kimeungua. Kaarina alitoka kutupa taka kwenye theluji bila viatu na akagundua aliporudi. Na kila alipovaa vipokea sauti vya masikioni, hata kompyuta ikiwa imezimwa, kulikuwa na mtu akipumua ndani yake, polepole, mpaka jioni moja yule anayepumua akasema kwa sauti ya Eino, "Dada, umekula?"

"Nimekula," alijibu Kaarina. Alijua kwamba angetakiwa kuogopa. Alichohisi ni kama kujilaza baada ya kazi nyingi.

Sawsan alimpigia simu ya video kuhusu zawadi za washindi, na katikati ya maneno akauliza ghafla:

"Mkono wako una nini?"

Kaarina aliutazama. Kiganja kilikuwa kimebabuka chote, chekundu, kinatoa maji. Akakumbuka kwamba asubuhi alikuwa ameegemea jiko. "Hauumi," alisema.

"Hauumi!" Sawsan aliisogelea simu, akanong'ona kana kwamba kuna mtu wa tatu anayesikiliza. "Nisikilize, mpenzi. Tulikaribisha kitu kwenye mwili usio na mwenyewe. Mara tatu, na mimi nikiwemo, mjinga mimi. Kinakula maumivu yako. Mwanzo utaona kama kinakutibu. Kikiyamaliza, kitakula nini?"

"Kinaongea kama yeye, Sawsan."

"Najua kinaongea kama yeye. Kingeongea kama nani?"

"Nikikifukuza, hiyo sauti..."

"Itaondoka. Na mengine yote yatarudi, usidhani yatarudi kwa upole. Mimi nitasoma dua, lakini neno la kukitoa ni lako. Nyumba ni yako."

Jumamosi mchana, theluji ikianguka nje, mbio zikaanza. Nguruwe walijaa bandarini, wakaporomoka majini, wakapandana, watu wakapiga kelele na kutukanana kwa furaha, Thibault akatangaza kwa mbwembwe nani kaanguka na nani kapotea, na Kaarina, ambaye mhusika wake alisimama mlimani penye kamba ya mwisho, aliwasikia wote hao wakififia mmoja baada ya mwingine kana kwamba mlango unafungwa taratibu, mpaka akabaki na Rapa aliyekaa pale kwenye kiti cha mwamuzi, na Rapa, ambaye hakuna mkono uliomgusa, akageuza kichwa, si kwa mhusika wake, bali nje ya kioo, kwake mwenyewe alipoketi.

"Dada. Tukae hivi tu."

Kwa mbali mno, nyuma ya ile sauti, Sawsan alikuwa akisoma.

"Wewe si Eino," alisema Kaarina.

"Nikitoka utaumia, dada."

"Eino amekufa." Alikuwa hajawahi kuyatamka maneno hayo, hata mazikoni. "Amekufa. Kiti si chako. Toka nyumbani kwangu."

Kompyuta ya Eino ikazimika. Kisha mkono ukaamka, moto ukapanda kutoka kiganjani mpaka begani, na nyuma yake likaja lile lingine kubwa zaidi, simu ya polisi, jeneza, koti la Eino ambalo bado lilining'inia mlangoni, vyote kwa mpigo, na Kaarina akaanguka kutoka kitini akipiga ukelele ambao wachezaji wote waliusikia, na mbio nzima zikasimama.

"Kaarina!" Sawsan aliita. "Niambie, unaumwa?"

"Naumwa," alilia Kaarina sakafuni. "Naumwa sana."

"Alhamdulillahi," alisema Sawsan, naye akaanza kulia.