Tushuke au Turudi?

Kila Jumamosi, majira ya baridi yanapokaribia kwisha, Shangazi Lorna aliwapandisha Tamsin na kaka yake Rhett milimani juu ya mji wa Silverton, wakiwa na skii miguuni, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji. Kila walipofika kileleni aliuliza swali lile lile, akianza na mdogo: washuke au warudi? Mmoja akikataa, wote walirudi. Ndiyo ilikuwa sheria yao.

Tamsin, wa miaka kumi na mitatu, aliwahi kukataa mara moja tu. Rhett alimwita kuku, yaani mwoga, wiki nzima.

Jumamosi moja walichelewa kuondoka nyumbani. Walipofika kileleni, Shangazi alipokuwa akifunga mizigo nyuma ya mwamba, Tamsin alichungulia mteremko wa kushukia. Asubuhi theluji ilikuwa ngumu kama sakafu. Sasa jua lilikuwa limeilainisha, na fimbo yake ilizama karibu yote. Chini ya miamba, vibonge vidogo vya theluji vilikuwa vikijiviringisha vyenyewe. Tamsin hakuelewa. Alichofundishwa kuogopa ni bamba zima la theluji linalokatika kwa kishindo, na Shangazi alikuwa amekwisha kuchimba shimo la kupimia theluji akaona tabaka zimeshikana vizuri. Hivi vibonge je, ni hatari au ni mchezo wa jua tu?

"Haya, Tamsin. Tushuke au turudi?"

Alimtupia Rhett jicho. "Tushuke," akasema.

Rhett naye akakubali, akatangulia.

Alipokata kona ya pili, theluji ilimeguka chini ya skii zake, kidogo tu, kama kiganja. Ikapanuka kadiri ilivyoshuka, nzito kama saruji mbichi, ikamsukuma polepole kuelekea ukingo wa genge. Rhett alidaka msonobari, akaung'ang'ania. Skii yake moja ilipita ukingoni, na baada ya kimya wakaisikia ikigonga mawe huko chini.

Shangazi alimfikia kwa upande, akamfukua miguu. Njiani kurudi, Tamsin aliangua kilio, akaeleza habari ya vibonge.

"Sasa mbona ulisema tushuke?" Shangazi akauliza.

"Sikuelewa, Shangazi. Nilidhani anayekataa lazima awe na sababu."

Rhett, aliyekuwa akichechemea mbele, alisimama. "Hata mimi niliviona," akasema bila kugeuka. "Niliogopa Tamsin angeniita kuku."

Shangazi aliwasogelea wote wawili.

"Kosa la kwanza ni langu, nimewachelewesha mpaka jua likawa kali. Theluji iliyolowa haishikani, na hata ikiwa kidogo inatosha kukusukuma pabaya. Lakini nisikilizeni, wanangu. Siwaulizi ili mnionyeshe mnavyojua. 'Sielewi' nalo ni jibu, na huku milimani maana yake ni turudi."