Waliniambia Ultrasaundi Ni Taa Itakayomvuta Mwanangu

Nina miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Gungu, Kigoma. Naandika nikiwa kwa mama yangu mzazi. Maziwa bado yananitoka... ya kumnyonyesha nani?

Niliolewa na Ramadhani, mvuvi wa dagaa, kijana mpole niliyempenda kwa moyo wote. Mimba yangu ya kwanza ilipoonekana, alinipeleka kwao Ilagala nikatunzwe na mama yake, ndiyo desturi ya ukoo wao. Sikubisha. Mama mkwe alinipokea vizuri mno, hata ndoo ya maji hakuniruhusu kubeba.

Tumbo likiwa limeshakuwa kubwa, nikaona damu kidogo. Maumivu sikuyasikia. Muuguzi wa zahanati akaniambia nisikae, niende mjini nikapigwe ultrasaundi waone kondo la nyuma limekaa wapi. Nikarudi nyumbani kuaga.

Weee! Kumbe naingia jela!

Mama mkwe ameuza dagaa maisha yake yote. Anajua taa za wavuvi huwavuta dagaa kutoka kilindini hadi wavuni. Basi akaamini mashine ile nayo ni taa.

"Mwana wanje, mwanangu," aliniambia akinishika mkono, "dagaa akiona taa anakuja juu, na akija juu ndiyo mwisho wake. Mtoto akimulikwa atatoka kabla ya siku zake. Huendi."

Nikamweleza alivyosema muuguzi, kwamba kipimo kile si taa wala si eksirei. Ni sauti tu ambayo sikio halisikii, na kikifanywa na wataalamu hakijulikani kumdhuru mtoto. Nilikuwa nampigia mbuzi gitaa!

Nikamgeukia mume wangu. Akatazama chini, akasema nimsikilize mama.

Ningetoroka vipi? Kwenda mjini tulitegemea boti, na mwenye boti huyu ni mjomba wa Ramadhani, yule ni shemeji yake, na wote walishaonywa wasinipakie. Simu yangu mama mkwe aliichukua, eti nipumzike. Nikawa nakaa uani natazama boti zikienda mjini, mkono tumboni, namwomba mwanangu avumilie.

Asubuhi moja naanika kanga, damu ikamwagika hadi miguuni. Sasa boti ikapatikana! Mimi na Ramadhani tuliposhuka Katonga, pale mjini, sikuwa na nguvu hata ya kulia.

Hospitalini daktari alinipaka jeli tumboni, akapitisha kile kifaa. Hakuna mwanga, hakuna joto. Kwenye skrini nikamwona mwanangu: kichwa, mgongo, vidole... Ametulia. Moyo haupigi! Kondo lilikuwa limeziba njia. Ningefika mapema, ningepangiwa upasuaji, na pengine leo ningekuwa nambeba.

Wakiniandaa kwa upasuaji wa kuokoa maisha yangu, daktari akamtazama Ramadhani, akamuuliza figo zake zinaendeleaje. Kumbe mwaka jana alipimwa pale pale, kwa mashine ile ile! Alijua haimuliki. Alijua haivuti kitu. Akanyamaza asije akampinga mama yake!

Mama mkwe nimemsamehe, aliogopa asichokijua. Lakini huyu aliyejua? Kila siku anapiga simu nirudi Ilagala, na wazee wa ukoo wanasema mahali pangu ni kule. Jamani, nirudi wapi?

Dada zangu, mtaalamu akikwambia ukapimwe, nenda kabla mlango haujafungwa. Na nyinyi waume, mkijua ukweli semeni, hata mbele ya mama. Mimi mwanangu nilimwona kwenye skrini tu, na alikuwa ameshaondoka.